Siku Nilipoiita Pombe ya Bibi Uji

Jamani, haya ninayowasimulia nimeyaficha miaka mingi, na sikuyaficha kwa sababu ni marefu, niliyaficha kwa sababu ukishayasikia utaniona mimi ni mtu wa hovyo, na utakuwa umeniona sawasawa. Wenzangu wakisimulia aibu zao, huwa mmoja kateleza mbele ya wakwe, mwingine suruali imempasukia kanisani, watu wanacheka, yanaisha. Yangu nayo ilianza kwa kuchekesha (mtacheka, najua, chekeni tu), ila pale ilipoishia sijapata mtu wa kucheka naye mpaka leo.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, nami nina miaka ishirini na mbili, mwalimu wa shule ya misheni yenye darasa moja na hapohapo mwinjilisti, yaani siku za kazi nafundisha a-e-i-o-u na Jumapili nahubiri, na katika kazi zote mbili sikuwahi kuwa na shaka na neno hata moja lililonitoka mdomoni. Nilikuwa na kaptula ya kaki iliyopigwa pasi ya mkaa mpaka inasimama yenyewe, soksi za kufika magotini, na kalamu mfukoni mwa shati, kalamu isiyo na wino (wino ulikwisha siku nyingi, lakini nani angejua?). Nilipokuwa napita njiani akina mama walikuwa wananiita Mwalimu, nami naitika taratibu kama mtu aliyezoea.

Kwetu ni Genkuru, kule Tarime, na siku hizo Genkuru ilikuwa ng'ombe na mashamba ya wimbi tu. Baba yangu, Mzee Chacha, alikuwa mmoja wa inchama, wale wazee wa mila ambao bila wao hakuna tohara wala mbegu inayoingia ardhini. Kila asubuhi jua likichomoza alitoka nje, akatema mate kidogo kuelekea mashariki, akaliombea boma lote, mtu kwa mtu, ng'ombe kwa ng'ombe, na jina langu alilitaja pia, hata baada ya mimi kubatizwa. Nikiwa likizo nyumbani nilikuwa najifunika blanketi hadi kichwani ili nisimsikie. Nilimwonea aibu. Afadhali niseme wazi, kwa sababu hiyo aibu ndiyo iliyoniponza.

Sasa Jumapili moja nikahubiri, na siku hiyo sauti ilinikubali kweli, nikasema kwamba wote waliokufa bila ubatizo wako motoni, na nikapiga meza, na watu wakashtuka, nikafurahi kuona wameshtuka. Maneno yakamfikia baba. Hakukasirika. Alingoja mpaka niende nyumbani, akaniita karibu na zizi, akaniuliza kwa Kikurya, maana Kiswahili hakukijua:

"Marwa, umesema waliokufa bila maji yenu wako motoni?"

"Ndiyo, Tata."

"Wote?"

"Wote."

Akamkuna ndama shingoni, akasema, "Hilo neno umelitoa wapi?"

Nikamwambia nimelitoa kwa mmisionari wetu, yule tuliyemwita Bwana Mrefu kwa sababu milango yote ya nchi hii ilikuwa inamgonga paji la uso.

"Basi mlete hapa," baba akasema. "Nina swali moja. Sitaki unijibu wewe, nataka anijibu yeye. Akinijibu kwa ukweli, hata kama jibu ni baya, nitasema na wenzangu juu ya kile kilima."

Hapo ndipo moyo uliniruka, kwa sababu misheni ilikuwa inakitaka kile kilima miaka miwili, ijenge shule ya madarasa manne, na inchama walikuwa wamekataa katakata. Nilijiona tayari mimi ni mwalimu mkuu. Swali lenyewe ni lipi, sikuuliza. Mnaona? Baba yangu mzazi ana swali linalomnyima raha, na mimi nawaza ofisi.

Bwana Mrefu alipopata habari alifurahi kama mtoto. Alikuwa na mwaka mmoja tu nchini, Kiswahili chake cha vitabuni, Kikurya hana kabisa, kwa hiyo mkalimani ni mimi. Tuliliacha gari la misheni chini kwenye tope tukapanda kwa miguu, na njiani akasimama, akafuta jasho, akaniambia, "Mwalimu, leo mimi hapana hubiri. Leo mimi nasikia tu. Mzee anasema, mimi nasikia."

Nikasema, "Vizuri sana, Bwana," lakini moyoni nilijiambia huyu anasema tu, akifika ataanza kuhubiri kama kawaida. Kumbe alimaanisha. Na baba naye alimaanisha. Wanaume wawili walitoka kila mmoja kwake ili wasikilizane, jambo ambalo mpaka leo nimeliona mara chache sana, na katikati yao wakaniweka mimi.

Tulikuta wazee kama thelathini wameketi kwenye vigoda mbele ya zizi, na katikati chungu kikubwa cha pombe ya wimbi, bado inafuka mvuke, na mirija mirefu imesimama ndani yake. Pombe ile ilipikwa na shangazi yangu Gati, dada yake baba, mwanamke mwenye mdomo usiofungwa ambaye ujanani aliishi miaka saba kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Musoma, akiwapikia pombe wachimbaji, ndiko alikojulia Kiswahili cha kambini. (Hili la Kiswahili chake nililijua. Nililisahau siku ile. Mtu akiwa na haraka ya kuwa mkubwa husahau mengi.) Alikaa na wanawake kwenye ghala, amejifunga khanga mabegani, ametulia.

Nikawaamkia wazee shikamoo, Bwana Mrefu naye akawaamkia, akainama mpaka kofia ikamdondoka, wazee wakampenda papo hapo. Akapewa kigoda. Magoti yakamfika masikioni.

Baba akasimama, akachota pombe kwa kibuyu, akamwaga kidogo chini, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, Bhoke, hii ni yako. Leo nina mgeni. Nitamuuliza habari zako." Kisha akachukua mrija mmoja mpya, akaufuta kwa kiganja, akampa Bwana Mrefu kwa mikono miwili, akaniambia, "Mwambie hii ni pombe ya mama yangu. Tunaipika kila mwaka. Akionja, amekubali kuketi naye, nasi tutasema kama watu wa boma moja."

Bwana Mrefu akaushika mrija, akaniangalia. "Mwalimu, hii nini?"

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu kila kitu kiko hapa. Misheni yetu ilikataza pombe kabisa, hata kuigusa, na mimi nilikuwa nimesimama mbele ya mzungu wangu nikiwa na kaptula inayosimama yenyewe, na nyuma yangu baba amevaa ngozi, anazungumza na mtu aliyekufa. Ningeweza kusema, "Ni pombe, Bwana, ya kumkumbuka mama yake, na wewe ukisema hunywi, mzee ataelewa." Na angeelewa! Shangazi aliniambia baadaye kwamba wageni wengi walikuwa wanaugusisha mrija midomoni tu na kuurudisha, hakuna aliyeona ubaya. Neno moja la kweli. Mimi nikasema:

"Uji, Bwana."

"Na mzee anasema nini kwa... kwa chini?"

"Anaomba Mungu abariki chakula."

Uso wa Bwana Mrefu ukang'aa. Akavuta mrija. Akakohoa kidogo. "Uji mchachu," akasema.

"Ni wa wimbi, Bwana, ndivyo ulivyo."

Akavuta tena, kwa adabu, mara ya tatu, mara ya nne, mashavu yanakuwa mekundu, na wazee wananguruma kwa furaha, maana hawakuwahi kuona mzungu wa misheni akinywa. Baba alimtazama anavyokunywa, na nikaona kitu ambacho nilikuwa sijawahi kukiona usoni kwake, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Wanawake kule ghalani walikuwa wanapiga vigelegele, isipokuwa shangazi, yeye alikuwa ananitazama mimi. Nikajifanya sikumwona.

Baba akabaki amesimama. Akauliza swali lake, na aliuliza polepole, anaacha nafasi ili nitafsiri.

"Mgeni, mwaka wa ile njaa kubwa tulikuwa watoto watano. Mama alikuwa akipika kidogo kilichopo, anatugawia, anatuambia yeye ameshakula. Tuliamini. Siku moja hakuamka. Walipomwinua alikuwa mwepesi kama kuni kavu. Watano sote tulipona. Yeye hakulisikia jina la Yesu wenu hata siku moja, hakuna aliyemletea. Mwanangu anasema yuko motoni. Nakuuliza wewe uliyemfundisha: mama yangu yuko motoni?"

Pale uani hakuna aliyesogea. Hata ng'ombe, nadhani. Na mimi, ambaye ndiye niliyelisema neno lile kwa kupiga meza, nikaona kwamba nikilitafsiri swali kama lilivyo, Bwana Mrefu atajua nimehubiri hivyo (hakunifundisha hivyo kwa hakika, nilikuwa nimeongeza chumvi mwenyewe), na akijibu vibaya kilima kimekwenda. Nikafungua mdomo. Yaliyotoka ni haya:

"Bwana, mzee anasema mama yake alikuwa mtu mwema sana, na kama angekuwa hai leo, angefurahi kukuona."

Bwana Mrefu akatabasamu meno yote nje, akasema kwa nguvu, "Oo! Furaha kubwa! Mimi nafurahi sana sana!" na akacheka, ile pombe nayo ikimsaidia kucheka.

Baba akashtuka. "Anacheka nini?"

Mtu wa akili angesimama hapo. Mimi nikakimbia mbele. "Tata, anacheka kwa furaha. Anasema mama yako hayuko motoni. Yuko kwa Mungu, mahali pazuri, na anakula na kushiba."

Hilo la kula na kushiba sijui lilitoka wapi. Nilitaka kumfurahisha tu. Basi mzee yule, mtu wa inchama, ambaye tangu nizaliwe sikuwahi kuona chozi lake, akaketi chini, si kwenye kigoda, chini kwenye vumbi, akaweka viganja usoni na mabega yakaanza kutikisika. Wazee wenzake wakainamisha vichwa. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu, akawageukia, akasema, "Mmesikia. Bhoke anakula. Mpeni kilima."

Na mimi nikasikia furaha. Niwaambie ukweli, nilisikia furaha.

"Bwana, wamekubali kilima!"

Bwana Mrefu akaruka kutoka kwenye kigoda, akamshika baba mikono, na katika ule moto wa furaha akasahau alichoniahidi njiani, akaanza kusema kwa Kiswahili chake, kwa sauti kubwa, kwamba Mungu asifiwe, kwamba siku ya leo giza linatoka, kwamba nyumba hii imeacha mizimu, imeacha pombe, na wala haina haja tena ya kuogopa wafu. Akamaliza, akanigeukia nitafsiri. Nikaanza: "Anasema asante kwa—"

"Marwa!"

Shangazi Gati alikuwa ameshavuka ua, amefika katikati ya wanaume, mahali ambapo mwanamke hafiki. Mzee mmoja akainua fimbo kumrudisha, baba akamzuia kwa mkono.

"Marwa, huyu mtu hakusema hivyo," akasema kwa Kikurya. "Na tangu mwanzo hujasema alichosema mtu yeyote hapa." Kisha akamgeukia Bwana Mrefu na Kiswahili chake cha kambini, kila mtu anamsikiliza: "Bwana, huyu mtoto nakudanganya. Hii hapana uji. Uji gani watu kunywa na mrija? Hii pombe. Pombe ya mama yetu, mama nakufa zamani. Mzee hapana sema furaha. Mzee nauliza wewe: mama yake iko kwa moto?"

Niliutazama uso wa Bwana Mrefu ukibadilika, wekundu wote ukaondoka. Akaangalia mrija. Akaniangalia mimi. "Pombe?" akaniuliza. Akatembea haraka kwenda nyuma ya ghala, na watu wote pale, wazee thelathini na wanawake na baba yangu, tukamsikia akijitapisha. Alikuwa ameweka nadhiri, alikuja kuniambia baadaye, na aliogopa. Sikumlaumu. Lakini walichokiona wazee ni kwamba mgeni ameambiwa habari za Bhoke, akaenda kumtapika.

Shangazi naye akaanza kumweleza baba, neno kwa neno, nilivyogeuza hiki nikageuza kile. Baba alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akaniuliza jambo moja tu: "Kwa hiyo lile la kula na kushiba, alisema?"

"Hapana, Tata."

"Ulilisema wewe."

"Ndiyo, Tata."

Akanitazama, kama vile mtu anavyotazama ng'ombe aliyeuziwa akagundua ni mgonjwa. Hakunipiga (nilitamani anipige). Akakiinua chungu mwenyewe, kizito vile, akakimimina chote chini mbele yetu, akaingia ndani na kufunga mlango. Wazee wakaondoka mmoja mmoja, na mmoja, Mzee Mwita, alipopita karibu yangu akatema mate, na hayakuwa yale ya baraka.

Bwana Mrefu aliporudi, shati limelowa, uani tulikuwa tumebaki watatu. Nilingoja anifokee. Badala yake akamwomba shangazi arudie lile swali, polepole. Shangazi akarudia, njaa, watoto watano, yote. Mzungu akakaa kwenye kigoda, magoti masikioni vilevile, akasema, "Mama, mwambie mzee: mimi sijui. Mimi na dada yangu, yeye nakufa kidogo, siku mbili tu, hapana batizwa. Kila siku mimi nauliza Mungu kama mzee anauliza. Mimi sijui. Lakini mama anatoa chakula chake kwa watoto, mimi siwezi sema yeye iko kwa moto. Mimi naogopa kusema hiyo."

Shangazi akaenda mlangoni, akaanza kusema. Kutoka ndani sauti ya baba ikajibu, "Gati, leo nimesikia ya kutosha. Mtoe huyo mtu bomani kwangu."

Bwana Mrefu alirudi mara mbili zaidi, na mara zote baba alikuwa amekwenda malishoni, hata saa ambazo ng'ombe wako zizini. Kilima hakikupata shule siku zote alizoishi baba. Mimi misheni ilinisimamisha kuhubiri, na hiyo niliiona haki, kisha wakanipeleka ng'ambo ya mto Mara, huku Mugumu, ambako wakati ule watu wetu ndiyo kwanza wanahamia na simba wanazunguka vibanda, nikafundishe watoto kusoma na nisitafsiri kitu.

Kabla ya kuhama nilikwenda kwa baba. Nilimkuta anakarabati ua wa miiba wa zizi, nikashika tawi la mwiba upande wa pili, tukafanya kazi mpaka nikapata nguvu ya kusema. Nikamwambia, "Tata, Bwana Mrefu alikujibu siku ile. Jibu lake ninalo, lote." Nikamweleza kila neno, sikuongeza, sikupunguza, hata ile habari ya dada yake wa siku mbili. Nilisema vizuri kuliko nilivyowahi kusema mimbarini. Na nilijua ndilo jibu alilolitaka, maana alisema anataka la ukweli, na lile lilikuwa la ukweli.

Baba aliusukuma mwiba mahali pake, akaupigapiga ukakaa.

"Inaweza kuwa alisema," akasema. "Ni maneno mazuri. Lakini na yale ya kula na kushiba yalikuwa mazuri. Nitajuaje haya ni yake na si yako?"

"Muulize shangazi, Tata."

"Gati ni dada yangu. Naye anataka nipone." Akachukua mwiba mwingine. "Nenda, Marwa. Mto ukijaa hutavuka."

Alifariki mwaka wa pili baada ya hapo, wakati wa mvua, mto umejaa kweli, nikafika wameshamzika. Shangazi aliniambia aliendelea kutema mate asubuhi mpaka mwisho, na jina langu aliendelea kulitaja. Sikujua nifurahie hilo au vipi. Bwana Mrefu alirudi kwao, na sijui kama alipata jibu la dada yake.

Basi ndiyo hivyo. Sasa mimi ni mzee, naishi Morotonga, hukuhuku Mugumu, na hapa wako wa makanisa matano, wako wa msikitini, wako wanaoliomba jua kimyakimya, na mara kwa mara wanatokea wa kuniambia, Mwalimu, wewe unajua lugha, hebu mwambie yule kwa ajili yangu. Nakataa. Nawaambia tafuteni mtu mwingine, au kaeni hapo wenyewe mpapase kwa mikono mpaka muelewane. Na mtu akiniuliza jambo la imani yake namwacha amalize, hata kama linanichoma, hata kama ni refu, nang'ata ulimi mpaka anyamaze mwenyewe. Ni kidogo, najua. Kwa baba yangu haisaidii kitu.